Mfereji wa Mama Eustace

Mvua za kwanza zilipokaribia Tabora, Flavia alipanda mwenyewe juu ya paa lake la nyasi. Mumewe, Lugembe, alikuwa amekwisha kufa, na mwanawe Anton alikuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge, haandiki wala harudi. Alichomoa nyasi zilizooza, akachomeka mpya, akazikaza kwa kamba za magome ya miyombo. Na huko juu ndiko alikokiona vizuri kitu ambacho akiwa chini alijitahidi asikitazame: mabati ya jirani yake Bertila, mapya, yanameta mpaka macho yanauma.

Wanawake hawa wawili walitoka kijiji kimoja, wakapata kipaimara siku moja, wakauza karanga pamoja stesheni. Wote wawili walibaki wajane hapo mtaani Cheyo, na wote waliishi kwa kupangisha vyumba. Zamani Bertila ndiye aliyekuja kuomba chumvi kwa Flavia. Kisha mwanawe Eustace akarudi mzima kutoka vita vya Bama, kule Asia alikowapigania Waingereza, akamnunulia mama yake mabati kwa malipo yake ya uaskari. Tangu hapo Bertila hakuomba chumvi tena.

Hilo Flavia angeliweza kulimeza. Lililomkaa kooni ni Modest, karani wa reli, mtu wa Bukoba. Modest na mkewe Tekla walikuwa wapangaji wa Flavia. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa ndani ya nyumba yake, na mikono ya Flavia ndiyo iliyompokea. Lakini masika yaliyopita paa lilivuja juu ya kitanda cha mtoto, akakohoa wiki nzima. Modest alikuja kuaga kwa adabu, kofia mkononi.

"Mama, si kwamba tumekuchoka. Ni mvua tu."

Wakahamia ng'ambo ya njia, kwa Bertila. Kila alfajiri Flavia alimsikia mtoto yule akilia katika nyumba ya mwingine.

Krismasi ilipokaribia, Modest alipata likizo, akapanga kuwapeleka mkewe na mtoto Bukoba. Bertila naye alikuwa anakwenda Igalula, kwa binti yake aliyekuwa karibu kujifungua. Nyumba ingebaki tupu katikati ya mvua. Flavia alikaa barazani akipeta mchele, akayatazama matayarisho yao yote: godoro likapandishwa juu ya meza, unga ukagawiwa majirani ili panya wasiufuate, pipa likawekwa vizuri chini ya ukingo wa mabati, majivu yakamwagwa kwenye mlango kuzuia mchwa. Halafu Bertila akavuka njia, ufunguo umefungwa kwenye pindo la khanga.

"Mwangaluka, Mama Anton."

"Mwangaluka, Mama Eustace."

"Nitamwachia nani nyumba kama si wewe? Fungua madirisha asubuhi, yasije yakaota ukungu. Na mfereji wa nyuma, tafadhali, uupitie kila siku. Miembe inadondosha majani, na wapita njia wanatupa kokwa. Ukiziba, maji yataegemea ukuta, na ukuta wenyewe unajua ni matofali mabichi."

"Nenda salama. Msalimie mwanao."

Aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, uso umetulia. Moyoni alisema, amejenga nyumba ya bati, sasa ananifanya mlinzi wake.

Madirisha alifungua. Majivu aliongeza. Asubuhi nyingine aliketi kwenye kiti cha Tekla katikati ya chumba kile kikavu, akatazama juu, hakuona tundu hata moja la mwanga. Alitafuta kasoro ukutani, kwenye sakafu, mpaka kwenye bawaba za mlango. Hakuipata. Mfereji alikwenda kuutazama pia. Aliyaona majani yakirundikana, na kokwa juu yake, na tope juu ya kokwa. Jembe lilikuwa limeegemezwa hapo hapo. Hakuligusa.

"Mfereji ni wake," alisema peke yake. Siku iliyofuata akasema vilevile.

Mvua kubwa ilikuja mchana wa Krismasi, watu wametoka Misa. Flavia alikuwa ameinjika kuku. Maji yalidondoka ndani kwake mahali palepale pa siku zote, akaweka sufuria. Kisha akasimama mlangoni kutazama ng'ambo. Nyuma ya nyumba ya Bertila maji yalikuwa yamesimama kama kisima, yanapanda ukutani. Chokaa ya chini ilibanduka kipande, kikazama.

Ianguke, aliwaza. Ianguke turudi sawa.

Kipande cha pili kilibanduka, chini ya dirisha la chumba cha Modest. Pale ndipo kitanda cha mtoto kilipokaa. Flavia aliona picha ya Tekla akirudi na mtoto mgongoni, akikuta kifusi. Akaona pia watu wa Cheyo wakiulizana ufunguo alikuwa nao nani. Lipi kati ya hayo lililomsukuma, mwenyewe hakuwahi kujua. Alitoka na gauni lake la kanisani, akashika jembe, akaingia majini hadi magotini. Alipoona jembe halifiki, aliinama akazoa tope kwa mikono, huku akimtukana Bertila kwa sauti, yeye na mabati yake.

"Shikamoo, mama! Una msaidizi?"

Mwanamke kijana alikuwa amejibanza ukingoni mwa mabati kuepuka mvua. Hakungoja jibu. Alivua viatu, akaja kuzoa upande wa pili. Mfereji ulipozibuka maji yalikimbia kwa kishindo, nao wakabaki wanahema.

"Nyumba yako nzuri," alisema mgeni.

"Yangu ni ile ya nyasi. Hii ni ya jirani."

"Ni nduguyo?"

"Si ndugu. Simpendi hata kidogo leo."

Mgeni alicheka mpaka akashika ukuta. Jina lake lilikuwa Paskazia, mkunga aliyehamishiwa hospitali ya Tabora, na alikuwa anatafuta chumba.

"Kwangu kunavuja," Flavia alimwambia.

"Nitaweka sufuria. Mwenye nyumba anayeingia kwenye tope kwa ajili ya mtu asiyempenda, mimi nitakosa nini kwake?"

Flavia alitangulia kuvuka njia. Kuhusu siku zile alizoupita mfereji bila kuugusa, hakumwambia, wala siku hiyo wala baadaye.

Bertila aliporudi aliliona doa la maji ukutani kabla hajatua mzigo. "Nilikuambia mfereji," alisema.

"Mvua ilikuwa kubwa. Majirani watakueleza."

Majirani walimweleza kweli, tena kwa kurefusha, jinsi Mama Anton alivyoharibu gauni lake la sikukuu. Bertila alishukuru, lakini macho yake yalikuwa yamegota kwenye baraza la Flavia, ambako mkunga alikuwa akianika sare yake nyeupe. Jioni alivuka njia na bakuli la njugu, akamwambia Paskazia kwamba yeye ana chumba cha uani kilicho wazi, chini ya bati.

"Asante, mama. Nimeshakaa."

Bertila alikwenda tena baada ya sikukuu ya Epifania. Akajibiwa vivyo hivyo. Wiki ile wanawake walianza kuja kwa Flavia na matumbo yao kumwulizia mkunga, barazani hapakosi watu, na Bertila akaanza kupita njiani akitazama upande wa pili.

"Mwangaluka, Mama Eustace!" Flavia aliita, kwa sauti ya kusikika nyumba tatu.

Bertila aliitikia kwa midomo tu. Flavia aliutambua uso ule. Alikuwa ameuvaa mwenyewe mwaka mzima. Alimwonea huruma, ila si nyingi, akarudi ndani kusogeza sufuria.