Masanja wa Bukundi na Amri Yangu

Asubuhi ile tulikuwa kijitoni tukichota maji ya kambi, na Koplo Masanja alikuwa anaoga kwa mara ya pili tangu kupambazuke. Nilimwambia ataisha kama kipande cha sabuni.

"Afande, wewe wa Ipililo hujui," akasema. "Kwetu Bukundi kiangazi mtu ananawa uso, miguu inasubiri mvua. Hapa maji yanapita bure mwaka mzima, halafu mimi niyaache?"

Tulikuwa mashariki ya Kongo, kikosi cha kulinda amani, nami nikiwa kapteni. Kambi ilikuwa juu ya kilima, maji yako bondeni. Kila asubuhi gari lilishuka na madumu, na kila asubuhi tuliwakuta wanawake wa kijiji cha jirani nao wanachota. Masanja alikuwa amewafundisha salamu ya Kisukuma. Wakimwona tu wanaita, "Mwangaluka!" naye anaitikia kwa sauti ya mtu aliye mnadani. Nilimkataza kupiga kelele akiwa kazini. Alinyamaza siku hiyo, kesho yake akaendelea. Ndivyo alivyokuwa. Ukimpa amri aliitikia "Ndiyo afande" vizuri kuliko wote, halafu akafanya nusu ya ulichosema na nusu ya alichoona yeye. Nilimpa adhabu mpaka nikachoka, na ukweli ni kwamba nilimpenda.

Madumu yalikuwa yanakaribia kujaa. Dereva alikuwa ameanza kupakia.

Risasi ya kwanza ilipiga gari.

Hatukuona mtu. Zilitoka kwenye migomba ya ng'ambo, nyingi, zikipita chini chini. Nikaamuru kila askari alale nyuma ya ukingo wa kijito. Masanja alilala ubavuni mwangu, kifua wazi, povu la sabuni bado masikioni, bunduki mkononi.

Wanawake walikuwa katikati ya maji.

Walikuwa wamechutama, hawajui wakimbilie wapi. Masanja akaniangalia. Nikamwambia, "Usitoke hapa. Hiyo ni amri."

"Ndiyo afande," akasema.

Akatoka.

Tulifyatua risasi kumkinga, kila mtu kwa alichonacho. Alimshika wa kwanza mkono akamsukuma kwetu, akarudi kwa mwingine. Nilimwita kwa jina, nikasahau cheo. Mama mmoja alilala ndani ya maji na hakuinuka. Masanja alikuwa amembeba wa mwisho alipopigwa mgongoni. Waliangukia upande wetu wote wawili, yule mama akiwa hai.

Mimi nilipigwa paja nikimvuta. Alikufa kabla wenzetu hawajashuka kutoka kilimani. Hakusema neno lolote kubwa. Alilalamika baridi, nikamfunika shati langu.

Nilikaa hospitali muda mrefu, kwa hiyo sikumzika. Mguu ulipopata nafuu nilipangiwa kazi ya ofisini, upande wa mafao. Huko ndiko nilikoiona vita ya pili, isiyo na mlio. Hela ya marehemu inafika kijijini, misimu miwili haipiti imeisha, ndugu hawasalimiani na mjane amerudi kwao na mabegi. Jambo hilo liliniudhi kuliko waasi. Nikaanza kusoma mambo ya fedha, mtu mzima na miwani, nikikaa darasani na vijana walionita mzee. Nilipostaafu nikiwa meja nilifungua ofisi ndogo Bariadi, karibu na soko, nikawa mshauri wa fedha kwa wakulima wa pamba, wenye maduka na wastaafu wenzangu. Jirani yangu Hajati, muuza vitenge, alicheka sana. "Meja mzima umekuja kutufundisha kuweka akiba," akasema. "Haya, anza na mume wangu."

Siku moja aliingia mwanamke, akapiga goti la salamu palepale mlangoni. Alijitambulisha kuwa ni Kabula, mke wa Masanja. Nilisimama nikamsogezea kiti.

Miaka yote ile mafao yalikuwa benki, hayajaguswa. Baba mkwe wake, Mzee Ng'wandu, alikataa fungu lake, na akasema hata la Kabula lisiingie katika mji wake.

"Sheria inakupa chako," nikamwambia. "Hata leo unaweza kuchukua."

"Najua, afande. Nikichukua kwa ugomvi nitapata hela na mtoto wangu atakosa babu. Nimelima vibarua vya dengu miaka yote hii, sijafa. Lakini binti amefaulu, na shule inataka ada. Mimi nataka vyote viwili, shule na babu."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Tukapanga siku, tukaenda Bukundi.

Mzee tulimkuta akinywesha ng'ombe kwenye kisima alichochimba katika mchanga wa mto mkavu. Nikavua viatu nikamsaidia kuvuta ndoo, maana kwa wafugaji huwezi kuzungumza na mtu ambaye ng'ombe wake wana kiu. Walipokwisha kunywa, tulikaa kivulini. Nikamweleza kila kitu nilichosomea, hati fungani, akaunti ya muda maalumu, bima ya mifugo. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza.

"Wabeja," akasema. "Nashukuru. Lakini hela hiyo si yangu."

"Ni ya mwanao, baba."

"Walileta sanduku, wakasema lisifunguliwe. Halafu mkubwa mmoja akatusomea sifa. Askari mtiifu, mwenye nidhamu, hajawahi kukaidi amri hata siku moja." Akamgeukia Kabula. "Masanja huyo? Yule niliyekuwa namtuma kutafuta ng'ombe aliyepotea, akarudi na kanga wa porini? Walinisomea habari za mtoto wa mtu mwingine. Ng'ombe asiye na alama yangu simwingizi zizini, sembuse hela ya damu ya mtoto wa mwenzangu. Mahali fulani yupo baba anayemsubiri mwanawe huyo."

Kumbe ndilo lililokuwa moyoni mwake miaka yote. Kabula alikuwa ameinamisha kichwa, na niliona kwamba naye alikuwa hajawahi kulisikia.

Sifa zile nazifahamu. Husomwa kwa kila askari, kwa nia njema, na hazimkosei marehemu heshima. Nami ningeweza kuzirudia, nikaongeza chumvi, tukarudi Bariadi mikono mitupu. Kilichonishika ulimi ni hofu moja. Mzee akijua kwamba mwanawe angekuwa hai kama angesikia neno, nitakuwa nimemzika mara ya pili.

Lakini binti alikuwa anasubiri shule. Nikasema yote. Kijito, sabuni, salamu za wanawake, risasi kutoka kwenye migomba. Nilisema mpaka habari ya shati.

Mzee akauliza polepole.

"Wewe ulimkataza?"

"Nilimkataza."

"Akasemaje?"

"Akasema, ndiyo afande."

"Halafu akaenda."

"Akaenda, baba."

Mzee akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha tumboni, mpaka fimbo ikamtoka mkononi. "Ndiyo baba," akasema, akiigiza, na sauti ilikuwa ya Masanja kabisa, sauti niliyodhani sitaisikia tena. "Kila siku ndiyo baba, ndiyo baba, halafu huyoo, kashaenda." Kisha kicheko kikakatika, naye akalia kwa nguvu mbele ya ng'ombe wake na mbele yetu. Kabula alimshika bega naye akilia. Na mimi, afisa wa jeshi, nililia pia, sioni haya kusema.

"Huyo ni wangu," mzee akasema alipoweza. "Huyo sasa ndiye Masanja."

Akauliza kama wale wanawake walipona. Nikamwambia walipona, isipokuwa mmoja. Akataka kujua kama aliacha watoto, nikajibu sijui. Akatikisa kichwa, akamsikitikia yule mama kwa Kisukuma kama anavyosikitikiwa ndugu.

Siku ya mazishi mzee alikuwa amekataa kunyolewa nywele za msiba, maana aliyekuwa ndani ya sanduku hakumtambua. Sasa, tulipofika nyumbani kwake, alimwomba Kabula wembe. Ndugu wa karibu wakaitwa, wakaketi mkekani kama waliofiwa jana. Kabula alimnyoa taratibu, nywele nyeupe zikidondoka kwenye kitenge chake.

Nimelipima jambo hili mara nyingi, kwa kuwa kupima ndiyo kazi yangu. Masanja hayupo. Binti yake haikumbuki hata sauti yake. Upande wa pili kuna wanawake waliorudi kwa watoto wao siku ile, na mimi sijui hata majina yao. Anayesema pande mbili hizo zinalingana hajafiwa. Ninachokijua ni kwamba binti alikwenda shule, na leo ni muuguzi. Ghala la dengu analoendesha Kabula pale Mwanhuzi lilianzia kwenye mkeka ule wa msiba, na kila msimu wa mavuno mzee hulikagua gunia kwa gunia, akilalamikia kila kitu kwa furaha tele.

Kabula alipomaliza, mzee alijipapasa kichwa kitupu, akanawa uso, akavuta kigoda mpaka karibu nami.

"Haya, afande," akasema. "Mambo yako yale ya benki. Rudia kuanzia mwanzo, maana sikuwa nakusikiliza."