Bakubwa Beko Njiani

Babu yangu Patson Ngosa alikuwa mtu wa mtumbwi kabla hajawa mtu wa msitu. Alizaliwa Kabuta, kando ya ziwa Mweru, katika nyumba ambayo nyavu zilining'inia mpaka juu ya vitanda, na alipofikisha miaka ishirini alikuwa ameshapewa kasia la nyuma katika mtumbwi wa familia. Kasia la nyuma halipewi kila mtu. Anayeketi nyuma ndiye anayeuongoza mtumbwi, na walio mbele humpa migongo yao bila kugeuka kumtazama.

Walikuwa watatu: kaka yake Goodson katikati, binamu yao Lackson mbele, na yeye nyuma. Mtumbwi wao ulikuwa na mwiko mmoja. Kiboko hakutajwa kwa jina. Kwa Kibemba walimwita bakalamba, yaani wakubwa, kwa wingi na kwa heshima, hata akiwa mmoja tu. Mamba alikuwa gogo. Lackson ndiye aliyeushika mwiko huo kuliko wote, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu baba yake alizama mbele ya macho yake siku kiboko alipoupindua mtumbwi wao. Lackson aliamini kwamba muda mfupi kabla ya hapo mtu mmoja alikuwa amelitamka jina lile kwa mzaha.

Msimu wa mwaka 1955 ulikuwa mbaya, na mtumbwi mmoja haukuweza kulisha nyumba tatu. Patson, ambaye alikuwa bado hajaoa, akakubali kazi ya askari wa wanyama kwa miaka miwili katika hifadhi ya Lusenga, karibu na maporomoko ya Lumangwe kwenye mto Kalungwishi. Kabla hajaondoka Goodson alilining'iniza kasia la Patson ukutani na kumwambia litamngoja hapo hapo. Patson aliniambia kuwa kwa miaka ile miwili alilifikiria kasia lile kila siku, kama wengine wanavyomfikiria mchumba.

Lakini maporomoko yalimshika. Alikuwa amekua akitazama maji yaliyolala, na sasa akaona maji yaliyosimama: ukuta mweupe kutoka ukingo mmoja wa mto hadi mwingine, mrefu kuliko kanisa lolote alilowahi kuliona, unaanguka bila kuisha. Kazi yake ilikuwa kuzunguka ukingoni, kufyatua mitego, na kuwaongoza wageni wachache waliofika. Hakuna aliyemfundisha namna ya kuongoza. Alijitungia mwenyewe.

Aliwasimamisha kwanza mbali, mahali ambapo ngurumo ilisikika kama lori linalopanda mlima na halifiki. Hapo aliwaacha wasikilize tu. Kisha akawasimamisha pale miti mikavu inapokoma na msitu wa maji unapoanza, kwa kuwa moshi wa maporomoko huunyeshea msitu ule mchana kutwa hata anga ikiwa safi. Kuvu na majani laini yamefunika kila shina, na matone yanadondoka kutoka tawi hadi tawi. Aliwaambia wavue viatu. Ngazi za udongo zilizoshuka mpaka kwenye mwamba alizichimba yeye, akazikingia kwa magogo, na kila mwezi alibadilisha yaliyooza. Mwishowe aliwafikisha kwenye mwamba wenyewe na kukaa kando kimya, akitazama nyuso zao badala ya maji. Mzungu mmoja aliyekuja na kamera alisahau kuitumia. Patson alilisimulia hilo kwa fahari kuliko sifa zote alizowahi kupewa.

Tatizo lilikuwa mwiko. Patson hakuuacha kule Kabuta. Katika taarifa zake kwa ofisi ya Kawambwa, alizomsomea karani azipige chapa, alisema kwamba wakubwa kumi na wanne wameonekana wakioga juu ya maporomoko, na magogo matatu yamelala mchangani yakiwatazama. Karani, asiyeujua mwiko huo, aliuliza ni wakubwa wa wilaya gani, na kama walikuja na wake zao.

Asubuhi moja ya ukungu, mwezi wa Juni 1957, alikuja mgeni aitwaye Mwaka. Huyu alikuwa mnunuzi wa samaki kutoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, mwanamke mnene, mchangamfu, anayejulikana katika kila ufuko kwa adabu zake na kwa mwavuli wake mwekundu. Alikuwa amekuja kwenye harusi ya mpwa wake Kawambwa, na wakwe wakamleta kwa lori kuona maporomoko. Patson alizungumza naye kwa Kiswahili cha biashara, kama walivyozoea watu wa pande zote mbili za ziwa.

Njia ilipita kando ya mto, juu kidogo ya maporomoko. Patson alikuwa mbele. Akaona majani marefu yakitikisika, kisha mgongo wa kijivu uliolowa umande. Kiboko alikuwa amechelewa malishoni kwa sababu ya ukungu, na sasa alikuwa anarudi majini. Patson akainua mkono na kusema kwa sauti ya chini:

"Bakubwa beko njiani, Mama. Tungoje kidogo."

Mwaka akasimama, akakaza kitenge chake. Kisha akampita.

"Bakubwa beko njiani, na mimi nibaki nyuma kama mutu asiye na mama?" alisema. "Nitabasalimia kwanza."

Patson alimwita arudi, lakini Mwaka akampungia mkono bila kugeuka. Alifika pale majani yalipofunguka, kwenye kinjia cheupe kinachoshuka mtoni, njia ile ile ya kiboko, akapiga magoti, akaweka mwavuli kando, na kuanza kupiga makofi polepole akiwa ameinamisha kichwa, kama apigavyo mtu mwenye heshima zake mbele ya wazee. Makofi yale yalikuwa mazuri sana. Majani yakaacha kutikisika. Kisha yakaanza tena, upesi.

Kwa Patson hapakuwa na neno jingine. Lile alilokuwa nalo la heshima ndilo lililompigisha mwanamke huyu magoti.

"Kiboko!" alipaza sauti. "Mama, kiboko!"

Mwaka aliinuka kama aliyechomwa. Patson alimfikia, akamvuta nyuma ya mti, na kiboko akapita kwa kishindo hadi majini, akauacha mwavuli mwekundu umekandamizwa matopeni. Ilichukua muda kabla Mwaka hajapata pumzi.

"Kumbe ni kiboko," alisema. "Na mimi namupigia makofi." Akaanza kucheka, na wakwe waliokuwa nyuma wakacheka naye, lakini Patson alikuwa ameketi chini. Hofu yake haikuwa ya mnyama. Alikuwa anautazama mto. Maji yale yaliteremka maporomoko, yakapita mabonde, yakaishia ziwani Mweru, kwao. Na yeye alikuwa amelitupa jina lile ndani yake.

Angeweza kunyamaza. Lakini Mwaka hakuwa mtu wa kuacha wema bila kuusema. Kwa miezi minne alimsifu Patson kila alikonunua samaki, Kilwa, Nchelenge, Puta, mpaka Kabuta, na kila alipofika mahali penye utamu alisimama na kuigiza ule ukelele kwa sauti kubwa kuliko mara iliyopita. Hakujua kwamba kila sifa ilikuwa inamsukuma Patson mbali zaidi na kasia lake.

Mwezi wa Oktoba mkataba ulipoisha, Patson alirudi Kabuta kwa baiskeli. Kasia lilikuwa bado ukutani. Lackson alikuwa ameketi chini yake.

"Akipanda yeye, nashuka mimi," alisema Lackson. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Goodson, aliyewapenda wote wawili, alitafuta mwanya. Alikumbusha kwamba Patson alilitaja jina kwa Kiswahili, na Kiswahili ni cha biashara. Wakubwa wa ziwani hawafanyi biashara.

"Wanavuka kwenda Kilwa bila karatasi kila wapendapo," Lackson akamjibu. "Wanakijua Kiswahili kuliko wewe." Majirani waliokuwa mlangoni walicheka, lakini Lackson hakucheka. Akamgeukia Patson. "Maji ya Kalungwishi yanaishia wapi?"

Hata mtoto alijua kwamba yanaishia ziwani hapo.

"Basi jina limefika kabla yako," alisema Lackson.

Siku tatu Patson hakubishana. Hakuwahi kuwa hodari wa maneno. Siku ya nne alimwomba Lackson jambo moja tu, waende wote wawili wakaone mahali alipolitamkia jina lile. Kama baada ya kuona bado atasema hapana, yeye mwenyewe atalitoa kasia ukutani na kumpa. Lackson alikubali, nadhani kwa sababu alikuwa mwadilifu na hakutaka kumhukumu ndugu yake kwa kitu asichokiona. Wakapakia samaki wakavu kwenye baiskeli mbili ili safari isiwe ya bure, wakaendesha siku mbili.

Patson alimwongoza kama alivyowaongoza wageni. Alimsimamisha pa kwanza, na Lackson akageuka kutafuta lori. Alimsimamisha msituni, na Lackson, mtu wa mchanga na matete, akapapasa kuvu kwenye shina kwa kiganja chote, taratibu, kama anayepapasa kichwa cha mtoto aliyelala. Alivua viatu kabla hajaambiwa. Kwenye ngazi aliuliza nani amezichimba. Patson alipojibu, Lackson alizikanyaga kwa uangalifu zaidi.

Kisha wakatokea kwenye mwamba.

Lackson alisimama muda mrefu. Moshi wa maji ulimlowesha uso, ndevu, shati. Upinde wa mvua ulikuwa chini ya miguu yao, ambapo hakuwahi kufikiri kwamba upinde unaweza kukaa. Mwamba ulitetemeka kidogo, na mtetemeko huo ulipanda mpaka meno. Baadaye alisema kwamba alijaribu kufuata tone moja kwa macho kutoka juu hadi chini na hakuweza hata mara moja. Lilivunjika likawa mengi, na yale mengi yakawa moshi.

Alisogea hatua kadhaa mbele. Patson, aliyekuwa nyuma yake, aliona kifua chake kikijaa na mishipa ya shingo ikisimama. Mdomo ulifunguka wazi. Ukafunguka tena, na tena. Patson hakusikia chochote isipokuwa maji.

Hawakuzungumza mpaka walipopanda ngazi na kurudi kwenye miti mikavu, mahali ambapo mtu anaweza kusikia pumzi yake mwenyewe.

"Ulisema nini pale?" Patson akauliza.

Lackson alikuwa anakamua shati lake.

"Lile ulilolitamka wewe," alisema. "Kwa Kibemba. Mara tatu." Akalitazama shati. "Sikujisikia mwenyewe, Patson. Nilisema kwa nguvu zangu zote na sikujisikia. Hakuna neno linaloweza kupita pale likatoka zima."

Patson alitaka kumweleza kwamba yeye alilitamka juu ya maporomoko, na kwa hiyo jina lake lilianguka pamoja na maji yote. Akaona kwamba Lackson alikuwa ameshalifikiria hilo, akaenda kuchukua baiskeli.

Walipofika Kabuta, Lackson ndiye aliyelishusha kasia ukutani. Buibui alikuwa amejenga utando mpinini. Aliufuta kwa kidole, akalikabidhi bila hotuba, akaenda kukaa mbele.

Asubuhi ile ziwa lilikuwa tulivu. Karibu na matete Lackson aliinua mkono.

"Bakalamba wapo mbele," alisema, bila kugeuka.

Patson akazamisha kasia na kuuzungusha mtumbwi mbali nao. Walipokwisha kupita, Lackson, ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kufanya mzaha juu ya jambo hilo, akauliza:

"Mwaka yuko wapi awapigie makofi?"

Goodson alicheka mpaka mtumbwi ukayumba, na Patson akaushika sawa.