Nyumba Iliyofutika Nyuma ya Mama

Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga duka lake mjini Élisabethville aliniuzia lenzi kuukuu, ndefu kama chupa ya bia. Zamani aliitumia kupigia picha wanyama wa mbali. Mimi nilikuwa mpiga foto katika mtaa wa Cité Albert, na niliitaka kwa ajili ya nyuso za watu. Kamera ikisogea karibu mno, pua huvimba. Lenzi ile iliuacha uso jinsi ulivyo, ila ilinilazimu kusimama mbali.

Wa kwanza alikuwa jirani yangu, mama mjane, aliyetaka foto ya kumpelekea binti yake aliyeolewa Sakania. Shemeji wa mama huyo, ndugu wa marehemu mumewe na mfanyakazi wa reli, alikuwepo. Nilimketisha mama mlangoni pake, kisha nikabeba kamera na miguu yake mitatu mpaka kwenye ua.

“Baba, juu ya nini unaenda mbali vile?” mama akauliza. “Bengine banapigaka foto karibu.”

 Shemeji alikuja akasimama mbele ya lenzi. Siku zile mji mzima uliwaogopa batumbula, watu waliosemekana kukamata wapita njia wasirudi tena, na nilijua anachofikiri.

“Angalia mwenyewe,” nikamwambia, nikamfunika kitambaa cheusi cha kamera.

Afadhali nisingefanya hivyo. Kwenye kioo cha kamera ile mtu huonekana kichwa chini, miguu juu. Alitoka polepole.

“Umemupindula bibi ya ndugu yangu,” akasema.

Mama ndiye aliyeamua. Alisema amekwisha kuvaa kitenge chake cha kanisani na harudi ndani bila foto. Shemeji akakubali, lakini alisimama nyuma yangu, mkono begani mwangu, na nilipobonyeza nilisikia vidole vyake vikikaza.

Sijawahi kutoa foto nzuri kama ile. Uso ulikuwa wazi, na nyuma yake ukungu mtupu. Shemeji aliigeuza, akakagua hata upande wa pili.

“Nyumba yetu iko wapi?”

Nilimweleza kwamba lenzi ndefu hufuta vilivyo nyuma ya mtu. Hakuniamini. Wakaituma hivyo hivyo.

Haukupita muda, binti akashuka kwenye treni, mtoto mgongoni, akaja mbio mpaka kwa mama yake. Nilimsikia nikiwa uani kwangu.

“Mama, balikufukuza mu nyumba?”

Alikuwa ameona uso usio na mlango wala ukuta, akadhani mama yuko hospitalini au barabarani, na ndugu wanamficha. Mama alicheka mpaka akaketi chini. Shemeji hakucheka. Alinitazama juu ya ua uliotutenganisha.

Binti alidai foto nyingine, yenye mlango, sufuria na viatu vya mama. Niliipiga kwa lenzi fupi, karibu, na shemeji mwenyewe akaingia pembeni.

Kabla ya kurudi Sakania, binti alinijia peke yake.

“Ile ya kwanza, uko nayo ingine? Yangu nilishika sana mu treni, inaharibika.”

Nilimpa nakala, akaitia mfukoni. Shemeji alikuwa akimngoja njiani, na nilimsikia akimwuliza nimemtilia nini mfukoni.