Tutaogopa Mwisho wa Mstari

Leo asubuhi lori la majani chai lilisimama mbele ya hospitali hapa Bomet, na harufu ya majani mabichi ikanifikia kwenye benchi nilipokuwa nimeketi nikingoja majibu ya vipimo vyangu. Ilinirudisha kwenye shamba letu, siku ambayo baba alikuwa akipasuliwa tumbo kule Kericho.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikama ng'ombe kama kawaida, akanifunga kikapu kidogo mgongoni, tukaingia kwenye mistari ya chai ingali na umande. Mawazo yangu yalikuwa kwa baba, nikawa nachuma hata majani magumu yasiyotakiwa.

"Mama, baba atakufa?"

Hakunikemea. Aliyatoa yale majani magumu kikapuni mwangu, moja moja.

"Sijui," akasema. "Hata mimi naogopa. Lakini tutaogopa tukifika mwisho wa mstari. Sasa wewe chuma."

Tulipofika mwisho, aliketi kwenye nyasi, akanikumbatia, akalia mpaka bega langu likalowa. Kisha akapangusa uso na kusimama.

"Twende mstari wa pili."

Tulichuma minne namna hiyo. Katikati ya mstari wa tano, jirani yetu alikuja mbio akiwa ameshika simu. Mama alijipangusa viganja kwenye aproni, akaipokea, akasikiliza.

"Ameamka," akaniambia. "Anaomba uji."

Jirani alidhani tutakimbia nyumbani. Mama alimrudishia simu, akamshukuru, na tukamaliza kwanza ule mstari.