Watoto Kumi kwa Chupa Moja

Chupa moja ya chanjo ya surua ilikuwa ya watoto kumi, na ikishafunguliwa haikulala hadi kesho. Amri ilikuwa wazi: wasipofika kumi, usifungue. Homa Bay mjini, nilikosomea uuguzi, kumi walijaa kabla chai haijapoa. Kwenye zahanati yetu ng'ambo ya Uriri, kuelekea Ogwedhi, wiki nzima ingepita na watoto wanne. Sheria ni msumeno, husemwa, lakini huu ulikata upande mmoja tu.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, wachuuzi wa ng'ombe walianza kusema kwamba surua imeshaingia maboma ya upande wa Narok. Nilisikia, nikaogopa, nikaendelea kuhesabu vichwa.

Mama mmoja akaja na mwanawe wa miezi kumi hivi, mnene, mwenye kumchekea kila mtu. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Kwenye benchi walikuwapo watoto watatu tu. Nilimwambia arudi Alhamisi ya wiki ijayo, huenda wakawa wengi. Akauliza wanatakiwa wangapi, nikamwambia. Chupa nilikuwa nayo kwenye friji ya gesi, hatua tano kutoka alipokaa, na kama ningeifungua hakuna ambaye angenifunga. Nilikuwa mgeni kazini na mwoga, basi.

Alhamisi hakuja. Iliyofuata pia hakuja, na sasa kila siku ya soko tulisikia habari ya kaburi jingine dogo. Nikaanza kumchukia kwa uzembe wake, maana hilo lilikuwa rahisi kuliko kujichukia.

Wiki ya tatu niliona wanawake wakishuka kilimani, kila mmoja na mtoto, yeye mbele. Kumbe siku zote hizo alikuwa akizunguka boma kwa boma kuwabembeleza majirani. Waume wengine walimfukuza, akarudi tena.

"Sista, nimeleta wengine tisa," akasema. "Na huyu wangu, sasa ni kumi. Fungua."

Nilifunua shuka mgongoni mwake. Macho ya mtoto yalikuwa mekundu, yakitoa machozi, na nyuma ya masikio vipele vilikuwa vimeanza kutoka. Mama alidhani ni jua la njiani.

Nilifungua chupa, nikawachanja wale tisa haraka, nikihofia wameshaambukizwa, kwa kuwa walikuwa wametembea na mgonjwa asubuhi yote. Mtoto wake nilimwandikia barua ya hospitali ya Migori. Surua ilishuka kifuani, akafa siku ya nne.

Wale tisa walinusurika wote. Mama wa mmoja wao aliniletea kuku, nikampokea kwa aibu. Yule aliyefiwa alikuja baada ya mazishi, akakaa kwenye benchi, akaitazama ile friji kwa muda.

"Ile siku ya kwanza," akauliza, "dawa ilikuwa hapo ndani?"

Nikamwambia ilikuwa imeisha.