Jiwe la Nyuma ya Nyumba ya Dada

Kiwanda cha nguo kilipopunguza watu, mimi nilikuwa karani wa ghala na shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa fundi wa mitambo. Tulitoka geti moja, siku moja, kila mtu na barua yake mkononi. Yeye akanyamaza. Mimi nikashindwa kukaa.

Asubuhi nikishakunywa chai nilikuwa naondoka nyumbani Buhongwa kwa miguu hadi mjini, na kutoka mjini nashuka ziwani. Kanisani nilitoka kabla ya mahubiri kwisha. Mama akiniuliza natafuta nini, nilimjibu natafuta kazi, na siku nyingine ilikuwa kweli. Sehemu ya kiinua mgongo nilinunulia kamera ya padre mmoja mzungu aliyekuwa anauza vitu vyake arudi kwao. Nilikuwa sijui hata kuweka mkanda.

Ndiyo maana niliingia kwenye studio ya mzee mmoja Mhaya, mtaa wa nyuma ya soko. Picha za rangi zilikuwa zimeingia mjini, na maduka mapya yalisafisha mkanda wakati wewe unakunywa soda. Kwa yule mzee hapakuwa na foleni tena. Alibaki na chumba chake cha giza, trei za dawa, na maboksi ya karatasi za picha za nyeusi na nyeupe ambazo hakuna aliyezitaka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unataka pasipoti?"

"Nataka kujifunza kusafisha picha."

Aliniangalia viatu, vilivyojaa vumbi hadi kwenye kamba. "Wewe hutulii," akasema. "Sawa. Usiniletee picha nzuri. Niletee mbilimbili. Moja ya kitu ambacho mkono wa mtu haukukigusa, nyingine ya kitu alichotengeneza mtu. Halafu tuziweke pamoja tuone."

Nikapata sababu ya kutembea. Nilipiga picha mawimbi madogo ya ziwa, nikapiga na mabati ya ghala. Nilipiga gome la mkuyu, kisha kamba nene ya kufungia meli. Siku zile magugu maji yalikuwa yamefunika ghuba, mitumbwi inasukumwa katikati yake kama inapita shambani. Niliyapiga kutoka juu ya kilima. Picha ilipotoka kwenye dawa mzee aliinyanyua, ikidondoka maji.

"Hii ni sakafu ya saruji?"

"Ni magugu, mzee."

"Una uhakika?"

Niliisogelea chini ya taa nyekundu. Sikuwa na uhakika. Ilibidi nitafute mtumbwi pembeni ya picha ndipo niamini.

"Rangi ndiyo ilikuwa inakuambia," akasema. "Sasa huna rangi. Angalia umbo."

Tofauti niliyoiona mimi ilikuwa nyingine. Vitu vya watu havikunisubiri. Ukuta niliopiga Jumatatu, Alhamisi nilikuta umepakwa rangi na kuchorwa tangazo la sabuni. Penye uwazi kibanda kimeota, penye kibanda wanachimba msingi wa duka. Mji mzima ulikuwa unanikimbia, nami naukimbilia. Mawe yalikuwepo tu. Nikirudi baada ya wiki nayakuta, na hilo lilinipa nafuu kidogo.

Jiwe nililolipenda kuliko yote lilikuwa nyuma ya nyumba ya dada, Kiseke. Lilikuwa kubwa kuliko nyumba yenyewe, na lilikuwa na ufa ulioshuka kutoka juu hadi chini. Nililiendea asubuhi nyingi nikitafuta jua liingie ndani ya ule ufa. Asubuhi moja nilimkuta shemeji anapanga matairi mabovu chini yake.

"Shemeji, unalipasua?"

"Watu wanajenga kila kona. Wanataka kokoto."

Alikuwa ameanza kazi hiyo mwezi uliopita: anawasha moto wa matairi chini ya jiwe hadi lipate joto, anamwaga maji baridi, jiwe linapasuka, kisha nyundo.

"Nipe kesho tu," nikasema. "Leo kuna mawingu."

Alitazama juu. "Haya."

Kesho yake mawingu yalikuwepo tena. Nikaomba siku nyingine, akanipa. Dada akaniita jikoni.

"Mdogo wangu, ameahidi kuwajazia watu lori la kokoto. Anakuonea aibu tu wewe. Tangu atoke kiwandani sijamsikia akimwambia mtu hapana."

Nilisikia, lakini nilibaki. Siku ya tatu jua lilitoka. Nikalipiga lile jiwe. Nilipogeuka nikamwona shemeji ameliegemea, kifua wazi, mikono juu ya magoti, ananisubiri nimalize. Nikampiga na yeye. Sikumwambia. Kisha akawasha moto, na mchana alipomwaga maji, jiwe likalia mlio niliousikia hadi kwenye meno.

Ndani ya chumba cha giza ilinichukua muda kujua ninachokiona. Vumbi lilikuwa limemjaa mwilini, na bega lake na jiwe vilikuwa na weusi uleule, weupe uleule. Mzee aliikausha ile picha. Halafu akaitundika dirishani, upande wa barabara, pamoja na picha yangu ya ukuta mpya wa matofali. Nilijivuna. Siku nzima nilikuwa naingia na kutoka, nikijifanya napita, nione nani amesimama.

Aliyesimama wiki iliyofuata alikuwa shemeji. Alikuja mjini kununua nyundo. Akaingia ndani nayo, haijavishwa mpini.

"Shikamoo," akamwambia mzee. Kisha akanigeukia mimi. "Wameniambia nje kwamba hizi ni mbilimbili, vitu vya Mungu na vitu vya watu. Mimi niko upande gani?"

Mzee aliinuka kwenye kigoda chake.

"Kosa ni langu, baba. Mimi ndiye niliyeitundika."

"Wewe hukunipiga, mzee." Hakupandisha sauti. Bado alikuwa ananiangalia mimi. "Ungeniambia, ningevaa shati."

Akaondoka. Niliitoa picha dirishani, nikatembea hadi Kiseke bila kupumzika. Nilimkuta dada anachambua mchele, na habari ya picha alikwishaipata kwa jirani aliyepita pale dirishani.

"Jiwe umelibembeleza miezi," akasema bila kuinua macho. "Yeye hukumwomba hata mara moja."

Nilitaka kujitetea kwamba ilikuwa picha nzuri. Ilikuwa picha nzuri kweli, na bado nadhani hivyo. Niliiweka kando ya ungo, nikaomba radhi, kwake na baadaye kwa shemeji aliporudi. Aliitikia, akaenda kuoga. Kwa wiki nyingi sikuweza kupiga kitu. Nilibeba kamera hadi ziwani na kuirudisha, mkanda uleule ndani.

Mwaka ule haujaisha, kiwanda kipya cha minofu ya samaki kilimchukua shemeji kuwa fundi wa mashine za barafu. Jumapili moja wakaja Buhongwa wote, yeye, dada na watoto watatu, wamevaa nguo za sikukuu.

"Chukua kamera yako," akasema. "Tunakwenda ziwani. Uweke mkanda wa rangi. Na leo mimi ndiye nitakayekwambia lini."

Nikakopa mkanda wa rangi dukani. Ufukweni alitupanga nusu saa nzima. Alimsogeza dada, akamvua mtoto kofia, akamrudishia. Miguu yangu ilitaka kuzunguka, nitafute upande mwingine wenye mwanga mzuri zaidi, lakini nilibaki pale aliponiweka. Wimbi likaja, likalowesha viatu vya dada. Akacheka, akashika bega la mumewe.

"Sasa," akasema shemeji, nami nikabonyeza.