Leseni Kumi na Mbili kwenye Fremu

Nianze na jambo ambalo kwa muda mrefu sikumwambia mtu: mimi ndiye niliyemwambia. Kila nikisimulia kisa cha leseni zetu watu wanamcheka sekretari wetu, na mimi nacheka nao. Lakini maneno yalitoka kinywani mwangu, tena niliyasema nikiwa nimekasirika.

Nilikuwa nashughulikia kompyuta za chama cha ushirika cha wafugaji wa maziwa. Ofisi ilikuwa Nakuru mjini, na wanachama wengi walitoka Dundori na Kabazi. Kompyuta zilikuwa kumi na mbili, zote za mtumba, zile watu huita ex-UK. Kila moja ilikuja na kibandiko ubavuni, kidogo hivi, kimeandikwa namba ndefu ya herufi na tarakimu ishirini na tano. Namba hiyo ndiyo leseni ya mfumo unaoendesha kompyuta. Ukiweka mfumo upya unaiingiza, na mashine inakubali kwamba wewe si mwizi. Kulinda hizo namba ilikuwa kazi yangu, na haki sijawahi kuona kazi isiyo na shukrani kama hiyo. Kompyuta ikifanya kazi, hakuna anayejua kwamba una leseni. Ikikataa, hata mlinzi wa lango anakuuliza unalipwa kwa nini.

Mwaka huo barua ikaja kutoka kwa kiwanda kinachonunua maziwa yetu. Walitaka kuunganisha kompyuta zetu na zao ili hesabu ya kilo za kila mkulima iwafikie siku hiyo hiyo, lakini kwanza mkaguzi wao angekuja kuhakikisha kila mashine ina leseni yake halali. Mwenyekiti aliniita, akanisomea barua yote kwa sauti utadhani mimi sijui kusoma. Kisha akakunja miwani yake.

"Mkataba wako unaisha mwezi huo huo wa ukaguzi, sivyo? Basi mkaguzi akipata kasoro, usijisumbue kuniletea barua ya kuomba mwingine."

Nyumbani nilikuwa na mtoto wa miezi mitano. Nilitoka humo ndani, na wiki hiyo yote sikuwa mtu wa kuongeleshwa.

Nikiwa katika hali hiyo ndipo sekretari aliponijia. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu. Babake alitoka magharibi mwa nchi akaja kufanya kazi ya reli, na yeye akazaliwa na kukulia hapa hapa Nakuru. Aliniita daktari, kwa utani, kwa sababu kila siku alinikuta nikitibu mashine. Siku hiyo nilikuwa nimelala chini ya meza napambana na nyaya.

"Daktari, hizo leseni mkaguzi anakuja kuangalia ni gani? Zinafaa kukaa wapi?"

Ningemwambia, "Ni hivyo vibandiko, mama, usiviguse." Maneno matano tu. Badala yake nikamjibu bila hata kumwangalia, "Leseni ni leseni, mama. Kwani zile zingine za ofisi huwa unaweka wapi?"

"Sawa," akasema. "Kuuliza si ujinga." Akaenda zake.

Sasa, mtu yeyote aliyewahi kufungua hata kibanda cha kuuza mandazi katika nchi hii anajua leseni huwekwa wapi. Ni ukutani. Kibali cha kaunti kinawekwa ukutani, cheti cha zimamoto ukutani, cha mizani ukutani. Watu wa kaunti wakiingia hawasalimii mtu, wanasoma ukuta kwanza. Mama huyo alikuwa ametunza ukuta wetu miaka kumi na tisa, na hakuna siku hata moja tulifungiwa ofisi. Jumamosi, mimi nikiwa nyumbani, alichukua wembe na kitambaa cha maji moto, akabandua vibandiko vyote kumi na mbili pole pole bila kurarua hata kimoja. Akavipanga kwenye karatasi nyeupe, akaandika chini ya kila kimoja ni cha meza ya nani. Kisha akapanda boda boda hadi Kaptembwo, kwa fundi mmoja anayetengeneza fremu za picha za harusi.

Jumatatu nikakuta fremu ya rangi ya dhahabu pale mapokezi, kando ya picha ya mwenyekiti.

"Umeona vile nimezipanga?" akaniuliza. Alikuwa na furaha kweli kweli.

Nilishika kichwa. Mengine niliyosema sitayarudia hapa. Nilimuuliza kama amewahi kuona mtu aking'oa namba ya gari lake akaitundika sebuleni. Nikaanza kuishusha fremu, na hapo hapo mwenyekiti akaingia, akaisoma yote kutoka juu hadi chini, akasema imeipa ofisi heshima na isiguswe. Nikamweleza kwamba hizo namba ni za siri, kwamba anayezijua anaweza kuzitumia.

"Kijana," akasema, "kitu halali hakifichwi."

Ungefanya nini? Mwenye ofisi amesema. Niliirudisha kwenye msumari wake nikiwa nimechoka roho.

Baada ya wiki tatu stima ilipotea, taa zikazimika, kisha ikarudi kwa nguvu, ikaua mfumo wa mashine mbili. Nikaweka mfumo upya, nikaingiza namba. Ikakataliwa. Nikajaribu ya pili, nayo ikakataliwa. Ujumbe ulikuwa mmoja: namba hii imetumika kwenye kompyuta nyingi kuliko inavyoruhusiwa. Nikazikagua namba zote kumi na mbili, na tisa zilikuwa zimekufa hivyo hivyo.

Nikawauliza watu wote wa ofisi. Mlinzi ndiye aliyekumbuka. Mkulima mmoja alikuja kuulizia kilo zake, akaja na mpwa wake mwenye duka la kutengeneza kompyuta. Wakati wanangoja, huyo mpwa alitoa simu akapiga picha ukuta.

"Mimi nilidhani anapiga picha ya mwenyekiti," mlinzi akasema.

"Nani apige picha ya mwenyekiti?"

Alicheka. Mimi sikucheka.

Nikapiga simu ya msaada ya wenye mfumo. Nilisikilizishwa muziki hadi sikio likapata moto, kisha akaja dada mpole akaniomba nimtumie picha ya kila kibandiko kikiwa kwenye mashine yake. Nikamwambia viko kwenye fremu. Akauliza, "Viko kwenye nini?" Nikamweleza kila kitu. Akasema pole sana, kibandiko kikishabanduliwa hakihesabiki tena.

Mkaguzi alikuwa amebakisha siku kumi. Kamati ikaitwa, na sekretari akaitwa pia, mara hii akae mbele yao, asiandike kumbukumbu. Mimi nilikaa upande wa pili wa meza. Mkataba wangu mpya ulikuwa kwenye faili mbele ya mwenyekiti, haujatiwa sahihi. Waliamua haraka kwamba leseni mpya zinunuliwe kwa jina la ofisi. Hilo halikuwasumbua. Walichotaka ni mtu wa kubeba lawama.

"Nani alikwambia leseni za kompyuta zinawekwa ukutani?" mwenyekiti akamuuliza.

Nilijua jibu, na yeye alijua kwamba najua. Nilitazama meza. Nilikuwa nimejiandaa kusema hakunielewa, kwamba mimi sikumaanisha hivyo. Aibu ya maneno hayo ninayo mpaka leo, ingawa sikupata nafasi ya kuyasema.

"Hakuna aliyeniambia," akasema. "Nilifikiria mwenyewe."

Nilinyamaza. Mwenyekiti naye, aliyesema kitu halali hakifichwi, alinyamaza pia kuhusu sehemu yake. Wakaamua apewe barua ya onyo, ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Mkataba wangu ukatiwa sahihi kabla ya chai.

Barua zote za ofisi hiyo huchapwa na sekretari. Kwa hiyo hata barua ya onyo aliichapa yeye, mwenyekiti akimsomea maneno. Alasiri akaniita, printa imekataa. Nikaenda. Karatasi ilikuwa imekwama kwenye rola. Nikaitoa, nikamwonyesha pa kufungulia siku nyingine, akaitikia kwa kichwa.

"Mama," nikasema kwa sauti ya chini, "kwa nini hukusema?"

"Una mtoto mdogo. Wangu wameshakuwa watu wazima." Akanyoosha karatasi mpya, akaiweka kwenye trei. "Lakini nikikuuliza kitu, nijibu kama mtu."

Printa ikaanza kuvuta. Barua ikatoka, na kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu, niliishika kwanza. Iliandikwa kwamba mfanyakazi aliyetajwa alibandua leseni za ofisi bila kumuuliza mtu yeyote. Aliuchapa mstari huo mwenyewe, vizuri, bila kosa hata moja, akanyoosha mkono nimpe akaipeleke kutiwa sahihi. Nikampa.